Jumatano za Kaka Chuma

Mwanamume anayekuja kutibiwa nguvu za kiume haingii kliniki kama mgonjwa mwingine. Kwanza anapita mlangoni kama anaelekea duka la jirani, anasimama kusoma bango la miwani ambayo haihitaji, anatazama saa, kisha anageuka ghafla na kuzama ndani kama mtu aliyesukumwa. Akiulizwa pale mapokezi anaumwa nini, anaumwa mgongo. Wote wanaumwa mgongo. Dada wa mapokezi alikwishazoea, alikuwa ananyoosha tu kidole kwenye korido na kusema bila kuinua macho, "Migongo, mlango wa mwisho kushoto."

Nyuma ya mlango huo alikuwepo Mtaalamu. Hakuwa daktari, na hilo alilisema kila siku bila mtu kumsikia. Alisomea mambo ya viungo na mazoezi, na ndugu zake walimpachika jina la Mtaalamu kwa kumtania siku alipopata ajira, likaganda. Kazi yake pale ilikuwa mashine moja, ya mawimbi ya mshtuko, yenye magurudumu manne, waya mnene na kichwa cha kushika mkononi chenye ukubwa wa tochi. Kichwa hicho hupakwa jeli, huwekwa pale pahali ambapo kila mgonjwa hupendelea kupaita "huku chini", kisha hugonga: ta-ta-ta-ta. Daktari mwenye kliniki alikuwa akiwaeleza wagonjwa kwamba zile si dawa za kumsaidia mtu usiku mmoja. Zile ni hodi. Mwili unagongewa mpaka uamke, ujitengenezee mishipa midogo mipya, damu ipite. Wengine aliwachoma pia sindano ya maji yaliyochujwa kutoka kwenye damu yao wenyewe, kwa nia ileile ya kuufanya mwili ujirekebishe.

Inasaidia? Wengine ndiyo, wengine hapana, na hata madaktari wakubwa bado wanabishana. Lakini bango la nje halikubishana na mtu. Liliandikwa "Rudisha Ujana Wako", na chini yake kulikuwa na picha ya babu anayecheka sana kuliko inavyostahili.

Mashine yenyewe haikuwa mpya. Daktari aliichukua kutoka kwenye mradi wa utafiti uliokuwa umefungwa, ikaja kwenye sanduku lake pamoja na vichwa viwili. Vilifanana kama mapacha, kwa uzito, kwa rangi, hata kwa sauti. Tofauti Mtaalamu aliigundua mwenyewe alipovijaribu kwenye paja lake: kimoja kilichoma, kingine hakikuchoma hata kidogo. Akaamua, kwa akili yake na bila kumuuliza mtu, kwamba kile cha pili kimetengenezwa kwa ajili ya ngozi laini. Wagonjwa wote aliendelea kuwatibu kwa kile kinachochoma, wakunje uso na kuvumilia. Kile cha upole alikifuta vizuri, akakiweka kabatini.

Kisha akaja kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ya mageti na madirisha, na mtaa mzima ulimwita Chuma. Walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake, lakini yeye kwa miaka mingi aliamini ni kwa sababu ya mwili wake. Ndiye aliyempigania Mtaalamu tangu utotoni. Akionewa shuleni, Chuma yuko. Baba akishika mkanda, Chuma anasema ni mimi. Kisukari kilimwingia taratibu, na siku aliyomweleza mdogo wake kilichomsibu alikuwa amempa mgongo, anapanga misumari ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

"Hiyo mashine yenu," alisema. "Inatibu migongo kweli?"

"Inatibu, kaka."

"Basi na mimi nina mgongo."

Kwa nini Mtaalamu hakumpeleka kwa mwenzake wa kliniki nyingine? Swali hilo alijiuliza baadaye mpaka likamchosha. Wakati ule aliona fahari. Safari hii yeye ndiye angemwokoa kaka. Akafungua kabati, akatoa kile kichwa cha upole, kwa sababu hakuweza kufikiria kumwona Chuma akikunja uso kwa maumivu mkononi mwake.

Ikawa kila Jumatano mchana. Chuma alioga karakanani, akavaa shati safi, akajipulizia manukato kana kwamba mashine ina pua, akaja na kulala kwenye kile kitanda cha plastiki akitazama dari. Mtaalamu naye alitazama ukuta. Redio iliwashwa juu kidogo ili korido isisikie ta-ta-ta. Waliongea habari za bawaba, za mpira, za bei ya rangi, za kila kitu isipokuwa kile kilichowakutanisha. Chuma hakuumia hata mara moja. "Mkono wako mwepesi," alimwambia mdogo wake, na mdogo wake akatembea siku nzima kifua mbele.

Shemeji yake hakujua lolote. Hilo lilikuwa sharti la Chuma, na kwa kliniki ni haki ya mgonjwa yeyote. Lakini mke si kipofu. Alimwona mume aliyeacha kumgusa, aliyehamia kulala sebuleni kwa kisingizio cha joto, na ambaye kila Jumatano anarudi ananukia. Siku moja Mtaalamu alipopita kuwasalimia, alimfuata mpaka getini, akamtazama machoni.

"Shemeji, kaka yako Jumatano anakwenda wapi?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema muulize mwenyewe. Badala yake ulimi ulimteleza kama uliopakwa jeli. Alisema kuna geti kubwa Chuma analitengeneza upande wa pili wa mji, kwa tajiri mmoja msumbufu. Akaona haitoshi, akatia chumvi: geti la kijani, lenye maua ya chuma juu, na tajiri anataka Chuma awepo mwenyewe kila Jumatano. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Matibabu yalipokamilika, hakuna kilichobadilika. Chuma alikaa ukingoni mwa kitanda akivaa viatu.

"Hata kidogo," alisema.

"Wengine mwili haukubali, kaka," Mtaalamu alimjibu, kwa sauti ile ya kazini.

Chuma alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu na kuiona ni ya haki. Hakurudi tena. Wiki chache baadaye alimpigia mdogo wake simu, akazungumza kwa utulivu uliotisha kuliko ukali. Amemwachilia mkewe. Binti yao yuko shule ya bweni, atakuja kuelezwa likizo. Mke mwenyewe hata arobaini hajafika, kumfungia ndani na gogo ni dhambi. Jumamosi mchana dada wa mke anakuja na gari kumchukua.

"Umemwambia sababu?" Mtaalamu aliuliza.

"Nimemwambia nimechoka. Inatosha."

Jumamosi hiyo asubuhi kliniki ilikuwa wazi kama kawaida. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mgongo kama wenzake, lakini mbishi. Alitaka kujua atathibitisha vipi kwamba mashine inafanya kazi na si makelele ya kuibia watu wazima. Kwa wabishi Mtaalamu alikuwa na onyesho lake: anageuza kichwa cha mashine kitazame juu, anadondosha matone ya maji juu yake, anawasha. Matone huruka kama mafuta ya moto, na mbishi hulala kitandani bila neno. Siku hiyo kile kichwa cha kila siku kilikuwa kimepata moto kwa kujaribiwa muda mrefu asubuhi, kinapoa. Akachukua kile cha upole.

Akadondosha maji. Akawasha. Ta-ta-ta-ta. Matone yakatulia pale, mviringo, yanang'aa, kama umande kwenye jani.

"Hayaruki," alisema mwalimu mstaafu.

"Dakika moja, mzee."

Akaongeza nguvu mpaka mwisho. Sauti ikapanda. Maji hayakutikisika. Akabadilisha kichwa, moto au si moto, na matone yakaruka mpaka kwenye miwani ya mwalimu. Akarudisha kile cha upole. Yakatulia. Mtaalamu akazima mashine, akakichomoa kile cha upole.

Alimwacha mwalimu kitandani na kuingia ofisini kwa daktari bila kubisha hodi, kichwa mkononi.

"Hicho umekitoa wapi?" daktari aliuliza.

"Kwenye sanduku la mashine."

Daktari alivua miwani. "Hicho ni cha uongo, kijana. Cha utafiti. Kule nusu ya wagonjwa wanapigwa mawimbi ya kweli, nusu wanasikilizishwa sauti tu, ili watafiti wajue ni mashine inayoponya au ni imani. Nilimwambia aliyekutangulia akiondoe."

"Mimi hukuniambia."

"Sikukuambia," alisema daktari, na kwa kitambo kidogo aliona haya kweli. Kisha udaktari ukamrudia. "Umekitumia kwa nani?"

"Kaka yangu."

"Peke yake?"

"Peke yake. Wengine niliwaacha waumie."

Daktari alifikiri, akapata njia, na njia yenyewe ilikuwa laini. Amwite Jumatano. Amwambie kuna awamu ya pili. Atumie kichwa cha kweli, kimyakimya, na hakuna atakayejua. "Na tena," aliongeza kwa upole, "mwenye kisukari cha muda mrefu kama yeye, huenda hata cha kweli kisingemsaidia. Hilo unalijua."

Mtaalamu alilijua, na alitamani kulishika neno hilo kama mtu anayezama. Huenda kisingemsaidia. Kama kisingemsaidia, basi hakumkosea. Alisimama pale ofisini akijaribu kulala juu ya hiyo "huenda", na kila alipojilaza ilimtoka chini. Kwa sababu kaka yake hakuambiwa huenda. Aliambiwa mwili haukubali. Na kwa neno hilo moja alikwenda nyumbani akavunja ndoa yake kwa mikono miwili.

"Jumatano ni mbali, daktari," alisema. "Mke wake anaondoka leo."

Hakuaga. Dada wa mapokezi alimuuliza yule mzee wa mgongo afanywe nini, akajibiwa na mlango.

Karakanani cheche zilikuwa zinaruka. Chuma alikuwa amepiga goti mbele ya fremu ya dirisha, uso umefunikwa. Kwa mtu ambaye mkewe anafungasha, alikuwa anafanya kazi kwa bidii ya ajabu.

"Kaka, zima."

Chuma akainua kinga ya uso. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Zima kwanza, tafadhali."

Akazima. Mtaalamu alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamkimbia. Akabaki na yale mabaya tu. "Kile kichwa cha mashine nilichokutibu nacho hakikuwa kinafanya kazi. Kilikuwa kinapiga kelele tu."

"Kiliharibika lini?"

"Hakikuharibika. Kimetengenezwa hivyo, cha majaribio. Tangu siku ya kwanza ulikuwa unasikia sauti, kaka. Hakuna kilichokugusa."

Chuma alivua kinga ya uso. "Na wengine wanaokuja pale?"

"Wao nawatibu kwa kingine. Kile kinauma. Sikutaka uumie."

"Mimi?" Chuma alinyoosha mikono yake iliyojaa makovu ya moto. "Mimi wa kuogopewa maumivu?" Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akasimama, akaupiga teke mkebe wa rangi ukabingirika mpaka mlangoni. "Uliniambia mwili haukubali!"

"Nilikuambia."

"Mwili wangu hata haukuulizwa!"

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Angepigwa angeshukuru. Lakini Chuma hakumpiga. Kitu kingine kilikuwa kimeanza kumwingia usoni, na hicho ndicho kilichomuumiza mdogo wake kuliko hasira.

"Kwa hiyo bado kuna njia," Chuma alisema polepole. "Tukitumia kile cha kweli, nitapona."

"Sijui, kaka."

"Sema ndiyo."

"Siwezi. Nilikuambia hapana na sikuwa na uhakika. Sitakuambia ndiyo vilevile. Kwa sukari yako inaweza kusaidia, inaweza isisaidie. Sijui."

Chuma alivua aproni ya ngozi, akaitupa juu ya meza. "Basi twende nyumbani kabla hajaondoka. Hiyo sijui yako inanitosha."

Gari la dada wa mke lilikuwa tayari nje, buti wazi, dada mwenyewe amekaa kwenye usukani na uso uliofungwa kama duka siku ya maombolezo. Shemeji alikuwa kibarazani na mabegi, anahesabu funguo za nyumba ili azikabidhi. Chuma alifika anahema, akaanza kueleza kila kitu kwa mara moja: mashine, kichwa, utafiti, matone, cha kweli na cha uongo. Hata Mtaalamu aliyeyajua yote hakuelewa. Shemeji aliwatazama wote wawili kama walevi.

"Mashine gani?"

Chuma akasita. Alikuwa amesahau kwamba hajawahi kumwambia. "Ya... nilikuwa natibiwa. Kwa huyu. Ile hali yangu."

Funguo zilitulia mkononi mwa shemeji. "Jumatano?"

"Jumatano."

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Mwanamke gani?" Chuma aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kiasi kwamba dada wa kwenye gari aligeuza shingo.

Shemeji alikaa juu ya begi kubwa. Hakulia mara moja. "Miezi yote hii nimemtafuta mwanamke," alisema. "Nimenusa mashati. Nimehesabu wanawake wa mtaa huu mmoja mmoja. Yule fundi cherehani wa pale kona, maskini ya Mungu, niliacha hata kumsalimia kwa sababu ulimsifia kazi yake. Uliponiambia umechoka na mimi, nikasema sawa, ameshinda, mwache amchukue. Kumbe ninafungasha kwa ajili ya mashine."

"Nilikuwa na aibu," Chuma alisema. "Nikaona nikuachie, uwe huru. Ni kwa ajili yako."

"Uliniuliza?"

 Jirani wa pili alikuwa anaanika nguo na tayari alikuwa ameanika shati moja mara tatu. Chuma aliliona hilo. Alimwona dada kwenye gari, akamwona mdogo wake, na wote walidhani atashusha sauti au atamvuta mkewe ndani. Hakufanya hivyo.

"Siwezi," alisema palepale uani. "Ni siku nyingi siwezi, na sijui kama nitaweza tena. Ninaogopa. Na sitaki uende."

Hapo ndipo shemeji alipolia, kwa sauti, akiwa amejifunika uso kwa ukingo wa kanga. Chuma alichuchumaa mbele yake bila kujua aweke wapi mikono, mwisho akaiweka kwenye magoti ya mkewe. Dada mtu alizima injini.

Mtaalamu alisimama pembeni, machozi yanamlengalenga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kifua kilimfunguka kidogo. Alidhani yamekwisha. Alipiga hatua moja mbele, na shemeji akainua macho.

"Wewe nilikuuliza."

"Ilikuwa siri ya mgonjwa, shemeji. Kazini haturuhusiwi..."

"Ungesema huwezi kusema. Ningekuelewa, mimi si mtoto. Ungesema muulize mwenyewe, ningemuuliza siku ileile, na leo tusingekuwa hapa. Wewe ulinitazama machoni ukanitengenezea geti. Na rangi ukalipaka." Alijifuta pua. "Lile la mashine ulikosea, binadamu anakosea. Lakini lile la pale getini hukukosea."

"Nisamehe, shemeji."

"Leo sina. Labda siku nyingine."

Chuma alisimama na kuanza kukusanya mabegi kuyarudisha ndani. Mtaalamu, asijue afanye nini na mwili wake, aliinama akalibeba lile dogo lililobaki. Aliomba kimoyomoyo neno moja tu kutoka kwa kaka yake, neno lolote, hata tusi la utani, kwa sababu mtu huyu alikuwa amemkingia kifua mbele ya kila mtu maisha yake yote.

Chuma alimfuata mpaka pale aliposimama, akalichukua begi mkononi mwake taratibu, bila hasira.

"Nenda nyumbani," alimwambia, kisha akaingia ndani na mke wake na kufunga mlango.